Sapu ya Septemba

Bumu lilikwisha Juni, matokeo yakaja Agosti:
Mekanika ya Udongo, thelathini na nne.
Nikarudi Mabibo hosteli ikiwa tupu,
magodoro yamekunjwa kama chapati za jana,
na ukutani, kwa wino wa kijani,
ratiba yangu ya muhula uliopita:
saa kumi alfajiri, kuamka. Saa kumi na moja, sura ya kwanza.
Nilivyoipamba! Rula, rangi nne.
Ratiba ilifaulu. Mimi ndiye niliyefeli.

Nisiseme uongo, nilisoma.
Nilikesha miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi,
kahawa ya kopo, pilipili juu ya ulimi,
nikipaka kila mstari njano
mpaka daftari zima likawa njano.
Nkamba akanicheka: "Tupo, unasoma au unapiga nyumba rangi?"
Kisha Yombo Nne, saa ya mtihani,
swali la kwanza likanitazama kama jirani
ninayemjua sura, nisiyemjua jina.

Safari hii nikaenda kwa Shomvi,
kibanda cha fotokopi, geti la nyuma.
Miaka kumi na mmoja anatoa nakala za mitihani iliyopita;
hajakaa darasani tangu amalize la saba,
lakini anajua: "Hili la bwawa hurudi kila mwaka wa witiri.
La nguzo, yule mhadhiri mfupi kalistaafisha."
Nikanunua miaka yote, shilingi hamsini ukurasa.
Nilikwisha geuka niondoke aliponiuliza
(si kunipima, mashine ilikuwa inapoa):
"Huu mchoro, dada, nimeutoa kopi labda elfu tano.
Mistari imepinda chini ya ukuta kama utumbo wa kuku.
Unasema nini?"

Nikafungua mdomo.
Nikafungua daftari.
"Funga hilo," akasema. "Kusoma hata mimi najua."

Usiku ule sikukesha. Nilisoma kurasa tatu,
nikazifunika, nikauchora mchoro nyuma ya risiti,
nikakosea, nikafunua, nikajicheka, nikachora tena.
Saa nne nikalala, kama mtu mwenye kazi asubuhi.
Kesho yake nikamweleza Shomvi. Akakwama;
kumbe niliyekwama ni mimi.
Nikahamia sura nyingine, siku ya saba nikarudi
kuona kama mchoro bado umo kichwani.
Umo, ila umepoteza kona moja. Nikairudisha.

Jumanne umeme ukakatika
tukakaa nje juu ya ndoo, mbele yetu
mchanga wa uani na chupa ya soda iliyojaa maji.
Maji, nikasema, hayana macho, yana haraka;
hutoka penye msukumo mkubwa kwenda penye mdogo,
hata ikibidi yapite chini ya ukuta
yaibukie upande wa pili.
Akanyamaza. Akaiweka chupa chini.
"Kwa hiyo yale yanayochipuka sakafuni kwangu Kigogo,
bati halivuji, mvua imekata tangu jana,
ni Msimbazi unatafuta njia?"
"Ndiyo."
"Na mimi kila masika ninaziba paa."

Mtihani ulikuwa Alhamisi, saa tatu.
Nilikunywa uji, nikayaacha madesa chumbani,
nikaisoma karatasi nzima kabla ya kugusa kalamu,
nikaanza na nililolijua, la alama ishirini,
lile kaidi nikaliachia nafasi, nikalirudia
saa ikiwa bado inanidai kidogo.
Shomvi alikosea: swali la bwawa halikuja.
Lilikuja la shimo la msingi, maji yakipanda kutoka chini,
na kwa mara ya kwanza sikutafuta ukurasa kichwani.
Niliandika: Chukulia nyumba iliyo bondeni,
sakafu ya saruji,
mwenyewe ameziba paa.