Pampu Hulala Jikoni

Pampu hulala jikoni, karibu na hita,
nimeifunika taulo kuukuu la njano.
Tilly hulalamika kidogo, kisha huisogeza kwa mguu
apate pa kuweka donge lake la mkate liumuke.
Maji yakibaki tumboni mwa pampu, hata kijiko kimoja,
yakiganda huipasua kama yai.
Najua. Nimezika mbili.

Wasemao kutwanga maji ni kazi bure
hawajaamka Lethbridge mwezi wa Januari.
Hapa maji hutwangwa.
Natwanga kwa nyundo mdomo wa tangi,
natwanga ndooni,
nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri,
na simu mfukoni inanung'unika:
Corwin, tuahirishe.
Corwin, labda wiki ijayo.
Corwin, mke wangu anasema una wazimu.

Ubavuni mwa gari langu pameandikwa TUNAKUFUATA ULIPO.
Tangu Krismasi sijamfuata mtu.
Benki ndiyo inayonifuata.

Lakini leo saa nne, magharibi, juu ya milima,
mawingu yamejikunja upinde
na chini yake mstari wa samawati, kama jicho linalofunguka.
Kila mtu hapa anajua maana yake.
Shinuki, upepo wa joto.
Kufikia saa sita theluji inatiririka mitaroni,
kipimajoto kimeruka nyuzi thelathini,
nusu ya mji inaumwa kichwa,
na simu imeshikwa na kichaa.

Nimechagua pikapu ya Bi Nishikawa.
Mnunuzi anafika saa kumi.
Marehemu Roy aliiendesha miaka kumi na tisa
kwenye njia za mashamba ya viazisukari,
na chumvi ya barabarani imetafuna kingo za milango.
Chini ya kiti: glavu moja, skrubu,
na maganda ya alizeti, maganda, maganda.
"Aliniapia ameacha," anasema Bi Nishikawa.
"Daktari alimkataza chumvi."
Anacheka mpaka anashika kioo cha pembeni.

Upepo uyeyushao ndio huohuo uchafuao.
Nimesuuza boneti, nageuka kuchukua nta,
nikirudi, vumbi la mtaa mzima limetua juu ya unyevu.
Ndoo inakimbia. Mvulana wa jirani anaifukuza hadi kona;
nampa dola mbili, anaomba tano.
Nahamisha gari langu liwe ukuta.
Nasuuza tena.
Malipo ni yaleyale.

Saa kumi kasorobo baridi inarudi kuulizia vitu vyake.
Hapa ndipo wageni wa kazi hii hukosea:
huondoka gari liking'aa,
usiku maji yaliyojificha kwenye mipira ya milango yanaganda,
asubuhi mwenyewe anavuta mpini,
mpini unabaki mkononi.
Nafungua mlango mmoja mmoja, nakausha,
kisha kidole chenye silikoni kinaufuata mpira wote, polepole,
kama unavyompaka mtoto mafuta midomoni.

Mnunuzi, kijana wa Coaldale, anaizunguka mara moja.
Milango haitazami. Anapiga tairi teke.
Anaondoka nayo.

Bi Nishikawa ananihesabia noti, anakosea, anaanza upya.
"Yale maganda uliyatupa?"
"Yamo kwenye mashine ya kufyonza."
"Basi," anasema, akitazama barabara.
Kisha tena, "Basi."

Usiku namwaga tangi kwenye changarawe,
napuliza mpira hadi utoe pumzi tupu.
Mashine ya kufyonza nimeiacha ilivyo.
Kesho, nikikumbuka.
Naibeba pampu kwa mikono miwili, nasukuma mlango kwa bega.
Tilly hajainua macho,
lakini donge la mkate limeshasogezwa.