Hasikilizi

Muhula wa pili, darasa la tatu, Kariobangi,
niliandika kwenye ripoti ya Ndunge neno moja:
Hasikilizi.
Nikalipigia mstari kwa wino mwekundu,
nikaenda kunywa chai.

Mamake alikuja Ijumaa, ripoti kaikunja mara nne,
harufu ya vitunguu vya sokoni mikononi.
Hakugomba. Alisema tu, "Mwalimu,
tangu ile homa ya uti wa mgongo
hata mlango ukibamizwa hageuki.
Nilidhani nyinyi mnajua."

Nyinyi. Mimi mwenye diploma,
mimi mwenye miaka kumi na mmoja ya chaki mapafuni,
nilikuwa nikimwita mtoto aliyenipa mgongo,
kisha namwadhibu kwa kutoitika.

Basi likizo ya Aprili nikaenda Kasarani, kusomea lugha ya ishara.
Karo nusu mkopo wa ushirika, nusu zamu yangu ya chama.
Dada yangu Kerubo akaniuliza kwa simu:
"Cheti cha ngapi hicho? Kitakupandisha daraja?"
Nikamwambia ndiyo, na sikudanganya.
Daraja nalitaka. Kodi ya nyumba kule Umoja haijui wito,
na mwenye nyumba hapokei baraka kila tarehe tano.

Mkufunzi wetu, Bwana Shikuku, hasikii tangu azaliwe.
Siku ya kwanza aliingia, akatutazama, akangoja.
Sisi walimu arobaini, mabingwa wa kunyamazisha,
tulinyamaza mpaka tukaona haya.
Ndipo akainua mikono.

Vidole vyangu vilikuwa vizito kama ugali wa jana.
Mtihani wa kwanza: thelathini na nane kwa mia.
Nilitaka kusema mvua inanyesha,
nikasema kitu kilichomfanya Bwana Shikuku acheke
mpaka akashika meza.
Agosti nilikariri nikiosha vyombo, povu likiruka.
Desemba nilikariri kwa mshumaa, umeme umekatika,
kivuli cha mikono yangu ukutani
kikinisahihisha.

Cheti kikatoka. Lakini cheti peke yake ni nusu ya njia:
Tume yataka barua ya mwalimu mkuu,
sahihi, tarehe, muhuri.
Njoo Jumatatu.
Njoo baada ya mkutano wa wazazi.
Muhuri upo, wino umekauka.
Wino umeletwa, muhuri kaufungia karani,
na karani yuko matangani Machakos.
Wiki ya sita Bwana Kilungu akatia sahihi wima,
funguo za ofisi zikining'inia mdomoni:
Ninampendekeza bila kusita Mwalimu Nyamboke.

Mimi ni Nyaboke.
Herufi moja tu. Nikasimama kwenye veranda,
nikihesabu wiki sita nyingine.

Ndunge alikuwa uwanjani, akiruka kamba na wenzake wanne
ambao wameshamwibia ishara mia hivi,
nyingi zikiwa za matusi.
Akaniona uso. Akauliza kwa mkono: Nini?
Nikamweleza, jina langu limeandikwa vibaya.
Akafikiri, kichwa upande.
Kisha akajipaka shavu kwa kidole gumba, mara mbili, upesi,
akaninyooshea kidole.
Sikuelewa. Akarudia. Wenzake wakarudia, wakicheka.
Nikagusa shavu langu.
Chaki.
Kumbe kila siku, tangu mwaka jana,
na hakuna mwalimu mwenzangu aliyeniambia.

Bwana Shikuku alitufunza hili wiki ya kwanza,
nikalinakili bila kulipa uzito:
jina la ishara hujipi, hupewa na wenyewe.

Barua nimemrudishia karani.
Mkopo unakatwa kila mwisho wa mwezi.
Usiku huu ripoti za muhula ziko mezani,
ya Ndunge juu,
nafasi ya maoni ya mwalimu ni mstari mmoja na nusu,
na nimeketi muda mrefu, kalamu mkononi,
natafuta neno.