Kioo cha Mbele

Gari lilikuwa na mapezi.
Sitanii. Mawili, nyuma, yamechongoka
kama ya sangara, kabla hatujamjua sangara,
na taa nyekundu chini yake, macho ya kamongo.
Shevroleti. Baba alilitamka polepole,
silabi kwa silabi, kama anayehesabu mbegu za pamba.

Bwana Velji wa jineri alipofunga virago
alimwachia gari badala ya mshahara wa miezi saba.
"Linataka gasketi tu, Fundi Lushinge."
Gasketi tu!
Ng'ombe wanne walilikokota hadi Igogo,
sisi tukisukuma nyuma, tukipiga honi kwa midomo,
likaegeshwa kando ya jiwe kubwa kuliko nyumba yetu,
na magurudumu yake yakawa matofali.

Barua zilikwenda Nairobi. Zikaenda Amerika.
Jibu likaja na picha ya gari jingine, jipya,
limeegemewa na mwanamke mwenye glavu.
Mama akamtundika jikoni
hadi moshi ukamfanya ndugu yetu.

Runinga hatukuwa nayo.
Bara nzima ilikuwa redio na umbea.
Lakini kioo cha mbele kilikuwepo, kipana, hakina ufa,
na kabla ya ugali tulipanga viti:
mimi kwenye usukani, upande usio wake,
Kulwa na Doto nyuma, juu ya sponji iliyoliwa na panya,
Kabula akizungusha kitufe cha redio iliyokufa.

"Habari!"
Karabai za wavuvi wa dagaa zinawaka, moja, tatu, tisa,
ziwa lote linatoboka.
"Mieleka!"
Mama Nkamba na beberu wake, wanagombea kanga.
"Mapenzi!"
Mwalimu Lusato anapita na baiskeli,
kwenye karia amekaa mtu ambaye si mkewe.
Zima! Zima!
Tunafunika macho, vidole wazi.
Mvua ikinyesha picha inaharibika,
nasi tunaipiga dashibodi makofi,
maana tulisikia wenye runinga hufanya hivyo.

Ya kweli ilikuja nimeshaota ndevu.
Inchi kumi na nne, antena juu ya lile jiwe.
Baba wakati huo macho yake yalikuwa maziwa matupu.
Usiku wa tatu likapita.
Lile lile. Mapezi yale yale,
kwenye barabara ndefu isiyo na mbuzi hata mmoja,
na hakuna aliyelisukuma.
"Baba, gari letu!"

Akatega sikio.
Miaka ishirini na mbili alilifungua, akalifunga,
akalipaka grisi sikukuu zote mbili,
hakuwahi kulisikia likinguruma.
"Ongeza sauti."
Nikaongeza. Lilishapita;
mtu alikuwa anasifia sabuni.

Alikaa kimya mpaka chai ikapoa.
"Silinda sita," akasema. "Moja inakohoa.
Ni plagi. Ningeipata."

Chuma chakavu walilibeba kwa kilo, mwaka aliofariki.
Kioo nilikitoa usiku, mimi na spana yake;
sasa ni dirisha la jikoni kwangu, limekaa upande kidogo,
mke wangu amechoka kunieleza.
Jioni Kabula hupiga simu kutoka Kahama,
hasalimii, ana wajukuu wanne, hasalimii:
"Kuna nini leo?"

Nainama, naangalia.
Beberu, namwambia.
Na kanga.
Marudio.