Milimita Tatu

Wamenipa nyundo, chaki na siku mbili.
"Mzee Sempombe, tuandikie ukweli,
karatasi moja, isizidi.
Kikao ni Alhamisi."

Kolekole amelalia ubavu kwenye tope la Mwambani.
Namba yake ya manowari imebabuka:
nne imebaki, sufuri imeliwa.
Mzinga waliung'oa zamani,
tundu lake limejaa maji ya mvua
na viluwiluwi.

Nagonga.
Bati zima hujibu ngeee,
kama sahani ya bwenini ikianguka sakafuni.
Bati bovu hujibu bu,
na nyundo hurudi mkononi kwa uvivu.
Fremu ya kumi: bu.
Ya kumi na moja: bu.
Chaki inaniishia kwa misalaba.

Wanaotaka abaki wana maneno mazuri.
Mwalimu Mwanamvua ameshachora ngazi ya wageni,
kiingilio mia tano, wanafunzi bure,
kibao cha majina ya waliofia doria.
"Ya kale ni dhahabu," alituambia.
Kaniki wa vyuma chakavu hakubisha,
alitoa kikokotoo mfukoni.
"Ya kale ni chuma, mwalimu.
Kilo mia sita na hamsini, na gesi ya kukatia ni yangu."
Akatuonyesha jibu, sufuri zimejaa kioo.
Diwani akaanza kuhesabu madawati.

Mimi nilitazama dari.

Fremu ya kumi na saba, upande wa kushoto,
kuna mshono wangu wa kwanza.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimelala chali,
cheche zikiniingia kolani,
na fundi Shekiondo akimulika tochi.
Aliutazama kitambo.
"Umepinda kama nyayo za mlevi," akasema.
"Lakini hauvuji. Uache."

Leo nimeugonga. Ngeee.
Nikagonga bati kulia kwake: bu.
Kushoto kwake: bu.
Mshono umebaki, kilichoshonwa kimekwenda.

Kipimo kinasoma tatu. Alizaliwa na nane.
Na tatu, jamani, ni nane iliyoachama:
kalamu ikiifunga midomo miwili tu,
Kolekole anapakwa rangi, anapata ngazi,
na Mwalimu Mwanamvua analia kwa furaha.

Halafu ikanijia Jumatatu moja,
darasa la nne kutoka Chumbageni, watoto arobaini,
viatu vyeusi juu ya sitaha,
na mmoja, hakosekani mmoja,
anayeruka ili asikie chuma kinasemaje.

Nikaandika *tatu*.
Kwa herufi, kama hundi,
isifungike na mkono wa mtu,
wangu ukiwemo.

Chini ya sahihi, pasipo na mstari,
nikaongeza:
*Fremu ya kumi na saba, kushoto, ikatwe mwisho.*

Sikueleza.
Kaniki atadhani ni mambo ya usalama,
na atatii.