Karatasi za Liling

Nilikujua kwa vidole kwanza, Ruizhen,
kabla ya kukujua kwa uso.
Changsha, mwaka themanini na nne, chumba cha kupanga chapa:
mswada wako ukaletwa umefungwa kwa uzi wa utambi,
nami nikaanza kuokota herufi za risasi, trei kwa trei,
maneno yako moja moja, baridi, kinyumenyume.

Ukurasa wa arobaini nikaishiwa na "mvua".
Nikashuka kwa Pang wa tanuri, nikamwambia
yeyusha, mimina, huyu mwanamke hataki anga likauke.
Akacheka. Akanimiminia mvua sitini.

Ndipo ukaja mwenyewe,
mfupi, koti la buluu, nyusi moja haipo:
baruti iliila ukiwa na miaka kumi na mitano.
Uliomba kuona neno "mama" lilivyo likiwa risasi.
Nikakuwekea kiganjani. Ulilifumbata
mpaka likapata joto, ukaondoka nalo.
Sikukudai.

Maisha yako ulinisimulia kwa vipande, kama ulivyosoma.
Karakana ya fataki, kando ya mto Lu.
Karatasi zilikuja kwa mkokoteni: daftari za shule, hesabu za maghala,
na vitabu vilivyokatazwa, vimechunwa majalada
kama sungura.
Kazi yako kuviringisha. Ukurasa, gundi ya wali, baruti, utambi.
Mia nane kwa siku, na msimamizi anahesabu.
Ukajifunza kusoma huku mkono unazunguka.
Bibi harusi anapanda machela, ukurasa umekwisha.
Mtu anabisha hodi usiku wa theluji,
umekwisha, umeshakuwa fataki.
Miaka tisa ya hodi zisizoitikiwa!

Ndiyo maana riwaya zako huanzia katikati.
Wahakiki wa Beijing walisema huo ni mtindo.
Mtindo? Ilikuwa njaa.

Ya kwanza waliisoma hata wauza tofu.
Ya pili, ile ya dada watatu na kisima, iliitiwa mkutano.
Ulikaa nyuma ukimenya chungwa
wakati wanakuita hivi na vile.
Ukalimaliza, ukafunga maganda kwenye leso, ukauliza:
"Kuna aliyeisoma hadi mwisho?"
Mtu akakohoa.
Mwaka huohuo mumeo alihamia Zhuzhou na redio.
Ukaniandikia: redio ndiyo ninayoililia.

Kisha zikaja kompyuta.
Trei zetu ziliuzwa kwa kilo. Nilinunua moja,
iko chini ya kitanda, miguu yangu huigonga usiku.

Ya tatu ilikuchukua miaka kumi na mmoja.
Sikuipanga mimi; siku hizo mvua ilikuwa haiishi tena,
mtu anabofya tu na inanyesha.
Nakala elfu tano. Zilinunuliwa mia nne, na kumi kati ya hizo
nilinunua mimi. Zilizobaki ghala likaziuza kama taka,
nawe, wazimu gani ule, ukaufuata mkokoteni
hadi Liling.

Ulisema ulipewa kigoda karibu na mlango.
Wasichana wanaviringisha. Hakuna aliyekutambua.
Mmoja, mwenye kovu kidevuni, mkono wake ukapunguza mwendo,
midomo ikaanza kucheza.
Msimamizi akafoka. Msichana akaviringisha,
akapaka gundi, akakugeukia wewe, mgeni, akanong'ona:
"Shangazi, huyu aliyebisha hodi ni nani?"

Ulimjua. Wewe ndiye uliyempeleka pale mlangoni
akiwa amelowa, na jina la uongo mdomoni.
Nilikuuliza, ukamjibu nini?
Ulijipangusa pale ambapo nyusi ingekuwa.
"Nilimwambia hata mimi sijui."

Nilikukasirikia kwa wiki nzima.
Halafu jana nimesikia, mtu wa fataki, kovu kidevuni,
amepeleka mswada kwa wachapaji.
Wanalalamika kwamba hauna mwanzo.