Tofali la Tatu Kutoka Langoni

Jumamosi nilimpelekea Glenys mashine yangu ya kufyatua maji.
"Dakika ishirini tu," nikamwambia, "utaona."
Kuvumwani ikaruka, magugu yakang'oka na mizizi,
matofali yakarudia rangi ya ini bichi,
na mchanga wote wa mianyani
ukaishia kwenye dirisha lake la jikoni.

Usiku mvua ikanyesha Wrexham nzima.
Asubuhi njia ya gari ilicheza kama meno ya ajuza.

Hakunilaumu. Alinipa ufagio.
"Mchanga uwe mkavu kama unga,
na ufagie mshazari, usifuate mistari."
Mifuko minne. Yeye kwa magoti,
kisu cha siagi mkononi, akishindilia kila ufa.

Tofali la tatu kutoka langoni
lilikuwa likigonga tangu kabla sijahamia hapa:
ko-ko, mtu akilikanyaga.
Nikaling'oa, nikasawazisha chini,
nikalishusha kwa nyundo ya mpira.
Kimya. Nikajisifu.

Jumatatu tarishi akabisha mlango,
Glenys akajimwagia chai mapajani.
"Sikumsikia," aliniambia. "Hata Emrys,
miaka thelathini na moja akitoka zamu ya usiku,
ni tofali lile lililoniambia niwashe jiko."

Leo, nikitoa pipa la taka,
nimemwona amepiga magoti langoni na kisu kilekile,
anachokoa mchanga pande nne za tofali moja.
Nikajifanya natafuta funguo.

Akasimama, akalikanyaga.
Bado.
Akapiga magoti tena.