Kifungo Cheusi

Miaka tisa sufu ilikuwa laana ya belo.
Unakata kamba pale Mlango Mmoja, jua halijachomoza,
wenzako wanachomoa jinzi, magauni, blauzi za hariri,
wewe unatoa sweta: nzito, za mabibi wa Ulaya,
zenye harufu ya kabati na dawa ya nondo.
Nani avae kondoo mzima
katika mji wa pamba, jua likikaanga mawe?
Nilizipigia mnada kwa buku.
Nyingine nilizikata madekio.

Moja tu niliiuza kwa heshima.
Rangi ya jani la mhindi lililokauka,
mifuko miwili, kola ya kukunja,
kifungo cha tatu hakipo.
Mzee Maduhu, mlinzi wa kiwanda cha minofu Igogo,
aliipima mkononi kama anayenunua choroko.
"Ziwa likianza kupumua saa tisa usiku," akasema,
"halijui kama tuko Afrika."
Nikapekua kopo, nikamshonea kifungo cheusi
cha koti la marehemu mume wangu.
Elfu mbili. Akatoa elfu moja mia tano.
Iliyobaki, kesho.

Halafu ikaja ile sinema.
Sikuiona. Nilisimuliwa na Nyanzala, binti wa jirani:
kuna mwanamke, kuna dirisha, theluji inaanguka,
kuna barua isiyofika,
na saa mbili nzima hajavua sweta.
"Analia?"
"Halii, Mama. Anafunga vifungo tu."
Wiki ile wasichana walinijia na simu mkononi
kama wamebeba cheti cha daktari:
"Nataka hii. Hii hii."
Elfu arobaini!
Na mimi mezani nimejaza fulana za mpira.

Nikafunika meza, nikashika njia ya Igogo.
Kumi nitampa, nawaza, na ile mia tano nimsamehe,
nimwongezee na jaketi la mvua.
Mungu anirehemu, nilishaihesabia faida
ikiwa bado mgongoni kwa mtu.

Nikakuta foleni.
Wasichana kumi na mmoja, saa nane mchana,
poda usoni, jasho likichora mito.
Mzee kakalia ndoo, kabaki na singlendi.
"Buku moja, picha tatu!
Atakayevuta uzi atafuma mwenyewe!"
Mmoja kaegemea lango, kafunga vifungo vyote,
anatazama mbali, anasubiri barua;
nyuma yake vijana wanapiga koleo barafu ya sangara,
inaruka, inamwangukia mabegani,
theluji ya kwetu, yenye harufu ya mapezi.

Nikamvuta mzee pembeni. Nikataja kumi.
Kumi na tano. Ishirini.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Mbuke, wewe uliniuzia joto.
Hawa wana joto tele, wanatafuta baridi.
Siuzi. Nakodisha."
Akaingiza mkono kwenye ndoo ya noti,
akanilipa mia tano yangu.

Walipokwisha aliikung'uta, akaivaa.
Akanusa bega la kushoto, la kulia.
"Leo nalinda nanukia harusi," akasema,
akaenda kuwasha taa ya lango.

Nikajua yamekwisha.
Kumbe zile picha zina miguu kuliko sinema.
Jumatatu akaja binti kutoka Geita,
nikamtolea sweta niliyoisaka siku nne,
sufu tupu, rangi yenyewe, haina hata tundu.
Akaigeuza, uso ukamnywea.
"Mama, hii siyo.
Ya kweli ina kifungo kimoja cheusi."

Sasa nimekaa na kopo mapajani.
Vya lile koti vilikuwa sita.
Kimoja kinalinda Igogo.
Vinne vimeshapanda basi.
Hiki cha mwisho nakizungusha vidoleni,
kina mkwaruzo mdogo ukingoni, wa meno yake,
alikuwa akikitafuna akisoma gazeti.
Mteja anaita, "Mama, tayari?"
Na sindano, nayo,
nimeshaitia uzi.